Mchicha wa Elia Uliokataa Kunyauka

Kwa miaka mingi, nikiwa na akili zangu timamu, niliamini kwamba chini ya meza ya Elia anaishi chatu.

Chatu mwenyewe, wanangu, siyo wa kwenye picha. Mnene kama paja la mbeba mizigo, amejikunja gizani nyuma ya gunia lililolowa maji, na kazi yake ni moja tu: kuupulizia mchicha pumzi. Kinyozi wetu ndiye aliyenipa habari hiyo akiwa ameniwekea wembe shingoni, na mtu mwenye wembe shingoni habishi. Akasema pumzi ya chatu ina baridi kuliko friji. Akasema Elia alishuka naye kutoka Moshi ndani ya sanduku la nguo, na kwamba anamlisha mayai. Nikafanya uchunguzi. Kweli, kila asubuhi Elia alikuwa ananunua mayai ya kuchemsha. Kwamba alikuwa anayamenya na kuyala mwenyewe mbele ya macho yangu, na chumvi na kachumbari, hilo sikulitilia maanani.

Siku moja niliuona hata mkia. Mweusi, unang'aa, umejitokeza kidogo chini ya gunia. Nilikimbia, na kama siongopi nilikuja kusimama Feri, katikati ya wakaanga samaki, wananiuliza baba vipi.

Nyinyi mnaoniamkia siku hizi mkiwa na feni za kuchaji mezani na picha za mboga zenu kwenye simu, mnanicheka. Chekeni tu. Lakini hamkuwahi kuuza mboga mkabala na Elia. Mimi nimeuza mboga za majani tangu ujana wangu mpaka mgongo uliponiambia basi, kwenye uchochoro mmoja unaotokea Mtaa wa Msimbazi, mwendo mfupi kutoka sokoni Kariakoo. Watu waliniita Bustani, na hata leo ukiuliza jina langu halisi utazungushwa. Meza yangu upande huu, ya Elia upande ule, katikati inapita mikokoteni. Mchicha wetu ulitoka bustani zilezile, kwa mkulima yuleyule, alfajiri ileile. Ikifika adhuhuri, wangu umeinamisha vichwa kama watu waliopigiwa simu ya msiba. Wa kwake umesimama. Jua linashuka, wa kwake bado umesimama, ukivunja shina linalia kama chaki. Nawaambia mchicha ule ungeweza kuchapia punda akaenda mbio.

Nilimwonea wivu. Nalisema mapema ili msilitafute huko mbele. Na sijaacha. Naandika haya nikiwa na wajukuu na meno machache, lakini nikimkumbuka Elia anavyookota fungu la mchicha na kulikung'uta matone, taratibu, kama mtu anayecheza, bado namtafutia kasoro mpaka leo.

Hata hivyo, kama ungekuwa mchicha peke yake ningevumilia. Kulikuwa na Rehema.

Rehema alikuwa mama lishe. Alipika wali na maharage chini ya turubai mwanzoni mwa uchochoro wetu, na wali wake ulikuwa unaita watu kwa majina. Yeye hana mume, mimi wakati ule sina mke. Alinunua mboga kwangu kila siku, na kila siku nilimwongezea matembele ya bure huku natazama pembeni kana kwamba mkono umeteleza. Nilitaka kumuoa. Maneno ya kumwambia nilikuwa nimeshayashona, yalibaki kupigwa pasi tu.

Basi asubuhi moja nikamwona amesimama kwa Elia. Hakununua kitu. Elia alisema jambo, Rehema akacheka, akampiga begani kwa kitambaa cha jikoni. Mwanamume yeyote aliyewahi kupenda anajua kitambaa kile kilinipiga wapi.

Kuanzia hapo nikawa mpelelezi. Nikimwona Rehema anatoka jikoni na kikapu, nafunika mboga zangu kwa gazeti, naiacha meza, nazunguka nyuma ya jengo, najibanza kwenye nguzo ya umeme iliyo upande wa Elia, meza yangu nimeipa kisogo, ili nisikie wanaongea nini. Nguzo ya umeme ni nyembamba na mimi nilikuwa nimenawiri, kwa hiyo nadhani mtaa mzima uliniona isipokuwa vipofu. Haukupita muda, Rehema akaacha kabisa kununua kwangu. Akahamia kwa Elia, kikapu na kila kitu.

"Mangi," nilimsikia akimwambia, maana Mchaga mwenye biashara Kariakoo utamwitaje tena, "nipe mchicha na bamia. Wateja wangu leo wanalilia mlenda."

"Aisee, chukua. Chagua mwenyewe."

Chagua mwenyewe! Mimi sijawahi kumruhusu mteja achague, ataniachia majani ya chini. Nilibaki nyuma ya nguzo nasaga meno. Ni chatu, nikajiambia. Kwa mdomo wake peke yake asingeweza.

Sasa niwape kitu cha kazi kabla sijasahau, maana wivu ukinipanda nasahau kazi. Jani likishakatwa halijafa. Linapumua kama wewe. Ndiyo maana ukirundika mafungu ya mchicha mlima mzima kwa sababu unataka meza yako ionekane imejaa, ukaingiza mkono katikati, utakuta joto kama la kwapani. Yanapashana joto yenyewe kwa yenyewe, na yakishapata joto yanageuka njano kuanzia ndani, wewe juu unaona kijani unajisifu. Panga mafungu yakiwa na nafasi. Nyunyiza maji kidogo kidogo kwa vidole, usimwage kwa kopo. Ukimwaga yanakaa kwenye mikunjo na kuoza. Na gunia la katani lililoloweshwa ndilo friji la maskini: maji yakikauka polepole yanaondoka na joto. Haya yote niliyajua nikiwa nimekwisha kuharibu mboga za kutosha kulisha Ilala nzima mpaka sikukuu.

Kuhusu shule, iliingia hivi. Nyuma ya nguzo yangu nilisikia Rehema akimweleza Elia kwamba anasoma masomo ya jioni. Alitaka kufanya mtihani wa kidato cha nne ili akasomee uuguzi. Elia akasema na yeye aliachia shule njiani, kesho atakwenda kujiandikisha. Sikungoja kesho. Nilifika nikiwa bado na aproni yangu ya matope. Mwenye shule akaniuliza, "Mzee unataka kusoma masomo gani?"

Nikamwambia, "Anayosoma Elia."

Tulisomea ghorofani, juu ya duka la vitambaa, saa ambazo jua linaingia dirishani limelala. Biolojia alitufundisha Madam Hansa, mama wa Kihindu ambaye familia yake imekaa mjini hapa tangu kwa babu zake, anavaa sari na raba chini, na Kiswahili chake cha Bongo kilikuwa kinakimbia kuliko changu. Hakuwa na mchezo. Rehema na Elia walikaa benchi moja mbele. Mimi nilikaa nyuma yao moja kwa moja, kwa sababu za kielimu.

Siku ya kwanza tulisoma virusi. Madam akasema, "Kirusi hana jiko, hana sufuria, hana mkaa. Peke yake hawezi hata kuzaa. Anaingia kwenye seli yako iliyo hai, anakupokonya jiko lako, anaanza kutengeneza virusi wengine kama yeye kwa mkaa wako wewe. Wakijaa, wanatoka kwenda kwa jirani."

Nikanyoosha mkono. "Madam, kama Elia."

"Elia yupi?"

Darasa zima likageuka. Elia mwenyewe akageuka, anatabasamu na mayai yake tumboni. Nikasema samahani Madam, nimekosea, endelea.

Siku ileile ndiyo nilijua kwamba vidonge vya rangi mbili nilivyokuwa nameza kila nikipiga chafya vilikuwa havimgusi kirusi hata kidogo. Vile vinapiga bakteria. Bakteria ni kiumbe kamili mwenye jiko lake, unaweza kumbomolea. Kirusi yuko ndani ya jiko lako, utabomoa nini? Mafua unayasubiri, unakunywa maji, unapumzika, mwili wenyewe unamalizana naye. Nilihesabu vidonge nilivyowahi kumeza maishani nikaona ningeweza kufungua duka la dawa.

Mafua. Hapo nina kisa, na bado kinaniuma.

Elia alipata mafua makali, na nikiwa nguzoni nikamwona Rehema anavuka uchochoro na birika la tangawizi. Alimmiminia. Alisimama pale mpaka anywe. Akamwekea mkono kwenye paji la uso! Nikafikiri kisomi. Kirusi anahama kwa makohozi, kwa mikono, kwa vikombe. Basi nikavuka, nikampa Elia mkono kwa bashasha ambayo hajawahi kuipata kwangu. "Pole sana ndugu yangu, pole kabisa." Nikaushika mkono wake mpaka ukatoa jasho. Nikaomba kikombe chake ninywe maji. Nikajifuta macho, nikajifuta pua.

"Bustani, nina mafua mie," Elia akaniambia. "Utaambukizwa, aisee."

"Sisi majirani," nikamjibu.

Yakanipata. Yakanipata mafua ambayo hayajawahi kutokea Afrika Mashariki. Nilipiga chafya mpaka nzi wakahama meza yangu. Nikalala chumbani kwangu nimejifunika shuka, mlango nimeuacha wazi, nasubiri birika. Na kweli, jioni nikasikia hodi, nikasikia harufu ya tangawizi hata kwa pua zilizoziba. Nikazilaza nywele. Nikaanza kuyakumbuka yale maneno yangu.

Tangawizi ililetwa na Elia.

"Nimekutengenezea mwenyewe," akasema. "Kunywa ikiwa moto."

Nikanywa. Ilikuwa nzuri. Hilo nalo nikamwonea wivu.

Usanisinuru ulinigharimu kwa namna nyingine. Madam alieleza kwamba jani ni jiko. Moto wake ni mwanga wa jua. Maji yanapanda kutoka mizizini, hewa ya ukaa inaingia kupitia vitundu vidogo vya jani, na ile rangi ya kijani ndiye mpishi anayekamata mwanga. Kinachoiva ni sukari, ndicho chakula cha mmea, na hewa ya oksijeni inatolewa nje, ndiyo tunayoivuta sisi. Nilisisimka kuliko wote darasani. Miaka yote nauza majani, hakuna aliyeniambia kwamba nauza majiko!

Kesho yake nikaitoa meza yangu kivulini, nikaiweka juani kabisa, saa sita. Elia akaniangalia kutoka chini ya turubai lake. Nikawatangazia wateja kwamba mboga za Bustani siku hizi zinajilisha zenyewe.

Mama mmoja akainua fungu, likakunjika mkononi mwake kama soksi. "Mbona mchicha umelala?"

"Umeshiba," nikamwambia.

Nilichokisahau ni maji. Mmea shambani una mizizi ya kupandisha maji mengine. Jani la mchicha uliong'olewa na kulazwa mezani, hata ukiwa na mizizi yake, halina pa kuyatoa. Na vile vitundu vinavyoingiza hewa ndivyo hivyohivyo vinavyotoa maji nje. Ukiliweka juani linatoa, linatoa, halirudishiwi. Jua ni la shambani, vijana. Mezani ni kivuli. Andikeni hilo ukutani.

Ila jambo lililonimaliza ni osmosisi.

Siku ile Madam Hansa alikuja na viazi mbatata, kisu, chumvi na glasi mbili. Akakata vipande vyembamba kama chipsi. Kimoja akakitia kwenye maji matupu, kingine kwenye maji aliyoyakoroga chumvi nyingi. Akasema tusubiri, na tunaposubiri akatueleza kwamba kila seli imezungukwa na utando, na utando ule unachagua. "Maji yanapita. Chumvi inakwama. Na maji siku zote yanahamia upande ule ambao chumvi ni nyingi. Chumvi inayavuta maji. Mmeelewa?"

Mimi ningeelewa, wallahi. Lakini hapo ndipo kifuniko cha kalamu ya Rehema kilipoanguka chini, akainama kukitafuta. Elia naye akainama. Wote wawili vichwa vikapotea chini ya benchi. Kifuniko cha kalamu kina ukubwa gani mpaka kitafutwe na watu wawili? Nikainama na mimi. Kwa hiyo wakati Madam anatoa vipande kwenye glasi na kuonyesha kipi kimetoka wapi, wanafunzi watatu tulikuwa chini ya madawati, wawili wanatafuta kifuniko na mmoja anawatazama.

Nilipoinuka, Madam ameshika vipande viwili juu. "Hiki kimejaa maji, kigumu, ukikikunja kinavunjika. Hiki kimepoteza maji, kinaning'inia kama kamba. Wewe Bustani, umeona?"

"Nimeona Madam."

Nikaunganisha mwenyewe. Chumvi inavuta maji. Kipande kimoja kimejaa maji. Basi kile kigumu kimetoka kwenye chumvi! Nikaondoka pale naelea. Nikampita Elia kwenye ngazi nikamtazama kwa huruma. Ana chatu, mimi nina sayansi.

Na bahati ilivyokuwa, wiki ileile Rehema akapata kazi ya kupika harusi Ilala. Harusi kubwa, ukumbi mzima. Ingemtoa kwenye turubai kumpeleka kwenye majina ya wapishi wanaoitwa. Alinikuta mezani kwangu, mara hiyo nilikuwepo kwa sababu nilimwona anakuja upande wangu, na akanisemesha kwa upole uleule wa zamani.

"Bustani, nahitaji mchicha mwingi. Elia peke yake hatoshi. Nusu nitachukua kwake, nusu uniletee wewe. Usiniangushe, maana mboga ikiharibika mimi nitachekwa na ukoo wa bwana harusi na ukoo wa bibi harusi. Ukiniletea mzigo mzuri, narudi kununua kwako."

Narudi kununua kwako! Nikapanga. Nitafikisha mzigo asubuhi, mchicha umekaza kama misumari, Rehema ataushika, atashangaa, na palepale, kabla hajauweka chini, namwambia yale maneno. Jioni nikanunua chumvi ya mawe, ile ya wakausha samaki. Nikajaza mapipa maji, nikakoroga chumvi mpaka mkono ukachoka, nikauzamisha mchicha wote. Kama chumvi kidogo inavuta maji, nikawaza, chumvi nyingi itauvuta mto Msimbazi mzima.

Asubuhi nikainua kifuniko.

Nimeona mengi kwenye uchochoro ule. Sijawahi kuona mchicha wenye majuto kama ule. Umelala chini ya pipa umekunjamana, mweusi-kijani, ukiinua unatiririka. Nikaupanga kwenye matenga hivyohivyo, nikajipa moyo kwamba labda kwenye kivuli utaamka. Nikaupeleka kwa mkokoteni.

Rehema akaingiza mkono kwenye tenga. Akautoa mkono, akautazama, akauingiza tena.

"Bustani. Hii umeichemsha?"

"Haijaguswa na moto."

"Mbona imeiva?" Akaweka jani mdomoni, akatema. "Na chumvi umetia! Ungemalizia na nazi basi, mie nikapakue tu!"

Wabeba mizigo wakaanza kucheka, halafu wauza mitumba, halafu hata yule mwenye mkokoteni niliyemkodi mwenyewe. Lakini Rehema hakuwa anacheka. Macho yalikuwa yamejaa. Harusi jioni, mboga nusu. Nikaona maneno yangu yote, yameshapigwa pasi, yanaanguka kwenye matope. Na mtu mwenye wivu akianguka hatazami miguu yake, anatafuta nani amemsukuma.

"Ni yeye!" nikapiga kelele. Nikavuka mpaka meza ya Elia. "Mtoe! Mtoe hadharani leo, watu wamwone!"

"Aisee Bustani, nimtoe nani?"

"Chatu wako! Unayempa mayai! Kauroga mchicha wangu!"

Elia akaweka chini fungu alilokuwa ameshika. Kisha akainama, akalishika gunia, akalivuta lote. Chini ya meza kulikuwa na beseni kubwa la plastiki lenye maji safi, na ndani yake mafungu ya mchicha yamesimama wima kwenye mizizi yake, yanakunywa. Pembeni ulikuwa umejikunja mpira mweusi wa maji. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Mnadhani nilikubali? Nilisema, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, "Umemhamisha jana!"

 Elia akaanza kuutoa mchicha wa kwenye beseni, fungu baada ya fungu, na mchicha wa juu ya meza, na uliokuwa umeagizwa na wateja wake wengine, akaupakia wote kwa Rehema. Siku ile hakuuza kitu kingine. Harusi ikala mboga, na naambiwa waliomba kuongezwa.

Madam Hansa alinirudishia somo baadaye, mimi peke yangu, kwa kiazi kingine. Maji ya ndani ya seli yana chumvi na sukari kidogo. Ukilizamisha jani kwenye maji matupu, upande wenye vitu vingi ni wa ndani, maji yanaingia, seli inajaa kama mpira uliopulizwa, jani linakaza. Ukilizamisha kwenye maji ya chumvi nyingi, upande wenye vingi ni wa nje, maji yanaihama seli, seli inasinyaa, jani linalala. "Chumvi inavuta maji, Bustani, kweli," akasema. "Lakini ulipaswa kuuliza chumvi iko upande gani." Ndiyo siri yote ya mwenzangu. Maji matupu, mizizi, kivuli, gunia. Mtihani nilifaulu, mkitaka kujua. Elia alinizidi. Rehema alituzidi wote, na cheti chake nilikitazama kwa jicho ambalo singependa mtu anitazame nalo.

Kisha wakaoana, Rehema na Elia. Nilialikwa, nikaenda, nikala kila kilichopita mbele yangu kwa hasira. Mimi nilioa baadaye, mwanamke mwema ambaye hali mboga za majani kabisa, na nikaona kuna hekima. Rehema akawa nesi. Elia akafungua duka la jumla. Meza yake ikachukuliwa na mwingine, beseni nikalinunua la kwangu, mchicha wangu ukawa unasimama mpaka jioni. Lakini moyoni, chatu hakutoka. Nilikuwa najua osmosisi naweza kumfundisha jaji, na bado, nikilala, najiambia mchicha sawa, ulikuwa beseni. Rehema je? Rehema alichukuliwa kwa kitu gani, kama siyo chatu?

Siku niliyokunja meza yangu kwa mara ya mwisho, watu walikuja kuniaga. Rehema alikuja na soda baridi, bado na sare yake ya kazi. Tukakaa kwenye makreti yaliyogeuzwa. Ilikuwa saa za mchana, mikokoteni inapita kama kawaida. Nikaona kama sitauliza leo, sitauliza tena.

"Shemeji," nikamwambia, "mimi nimestaafu, huna haja ya kunificha. Elia alikupata kwa kitu gani hasa? Kulikuwa na kitu chini ya ile meza?"

Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Kulikuwa na beseni, Bustani. Uliliona."

"Beseni ni la mchicha. Wewe uliniacha kabla hujajua mambo ya mchicha. Kitambaa kile ulimpiga begani..."

"Kitambaa gani?"

 Rehema akaweka soda yake chini.

"Wakati ule mimi na Elia hatukuwa na lolote," akasema. "Nilikuwa namsalimia tu nikipita, nakuja kwako kununua. Nikifika, meza ipo, mboga zimefunikwa gazeti, zimeshanyauka, mwenyewe simwoni. Naita, kimya. Nasimama mpaka wali wangu unaanza kuungua kule. Mwisho ndiyo navuka kwa Elia, kwa sababu yeye alikuwa amekaa mezani kwake. Nilikuwa naanza kwako kila siku, Bustani. Hukuwepo."